UZI: Mgonjwa wako ameumia mikononi mwa hospitali? Lishike faili kwanza, kelele baadaye

MsaidiziWaSheria (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mara naona humu mtu analeta habari ya ndugu yake aliyeingia hospitali kwa miguu yake akatoka kwa machela, au mama aliyekwenda kujifungua na mtoto akatoka amechoka. Chini yake zinafuata kurasa za hasira: wafukuzwe, wafungwe, waanikwe. Hasira hiyo naielewa. Nafanya kazi kwenye kituo cha msaada wa kisheria, na watu hao ndio tunaokaa nao mezani. Kinachoniuma ni kwamba wengi wanatufikia mambo yakiwa yameshaharibika: hawana karatasi hata moja, marehemu alizikwa bila uchunguzi, na miaka imekwenda. Tunabaki kuwapa pole tu.

Nataka tulizungumze hili kwa upana. Nitasema ya Tanzania Bara kwa sababu ndiko niliko. Wa Zanzibar mna baraza lenu la madaktari na sheria zenu, na wa Kenya pia, kwa hiyo karibuni mchangie.

Kwanza tuliweke sawa jambo ambalo wafiwa hawapendi kulisikia. Mgonjwa kufa, au kubaki na kilema baada ya matibabu, hakutoshi kuitwa uzembe. Upasuaji una hatari zake, dawa zina madhara yake, na yapo maradhi yanayomshinda daktari hodari. Mahakama inauliza hivi: aliyemhudumia alifanya kile ambacho mtaalamu wa ngazi yake, mwenye umakini wa kawaida, angekifanya katika hali ileile? Kipimo hicho chimbuko lake ni kesi ya Bolam, Uingereza, mwaka 1957, na nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, sisi tukiwamo, zimekuwa zikikitumia. Mwaka 1997 kesi nyingine ya hukohuko, ya Bolitho, ikaongeza kwamba haitoshi madaktari wenzake kuja kusema "hata sisi tunafanya hivyo". Utaratibu wenyewe lazima uwe na mantiki.

Kwa hiyo mdai ana kazi ya kuthibitisha kwamba hospitali ilikuwa na wajibu kwake (hili halisumbui, ukishapokelewa na kufunguliwa faili wajibu upo), kwamba wajibu ule ulikiukwa, kwamba ameumia, na kwamba kuumia huko kumetokana na ukiukwaji ule na si na ugonjwa aliokuja nao. Hapo pa mwisho ndipo kesi nyingi zinapofia. Mzee aliachwa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jioni, sawa. Je, angeonwa asubuhi angepona? Jibu liko kwenye faili: saa aliyopokelewa, presha yake ilikuwa ngapi, nani alimwona, aliandikiwa nini, alipewa saa ngapi.

Ndiyo maana nang'ang'ania faili. Siku ya tukio kila mtu anakumbuka. Baada ya miezi, nesi amehamishwa, daktari wa mafunzo ameshamaliza na kuondoka, na kilichobaki ni maandishi. Omba nakala mapema, kwa barua, kwa Mganga Mfawidhi, na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Omba faili zima: maelezo ya kupokelewa, karatasi ya dawa, majibu ya maabara, picha, fomu ya ridhaa, taarifa ya upasuaji, karatasi ya mtu wa usingizi, na karatasi ya kuruhusiwa. Kama hospitali inatumia mfumo wa kompyuta kama GoTHOMIS, omba na chapisho la kilichomo kwenye mfumo. Mlikotibiwa kwa bima, ile fomu ya bima uliyosaini nayo ina ugonjwa na huduma alizoandikiwa. Ni nakala ya pili ya habari ileile, na mara nyingine zinapishana.

Wakikwambia "faili ni mali ya hospitali", usibishane kaunta. Faili lenyewe libaki kwao; wewe unaomba nakala ya taarifa zinazokuhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kuzipata taarifa zake, na kwa hospitali ya umma ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 yenye siku 30 za kujibiwa.

Nitaendelea na njia za kudai. Maswali yaje.

Kipepeo wa Mbagala

Natia nanga hapa. Mada imekuja wakati wake.

NesiWaThieta

Mleta mada umesema kweli, ngoja niongeze ya ndani. Nimefanya kazi leba na thieta miaka mingi, sasa nimestaafu.

Mzazi akiwa kwenye uchungu kamili, kuna karatasi inaitwa patogramu. Juu kabisa kuna mstari wa mapigo ya moyo wa mtoto, yanapimwa kila nusu saa na kuwekwa nukta. Chini yake njia inavyofunguka, hupimwa kila saa nne. Halafu nguvu ya uchungu, presha ya mama, mkojo, dawa. Ndani yake imechorwa mistari miwili ya mshazari: wa tahadhari na wa kuchukua hatua. Nukta za njia zikivuka ule wa kwanza, muuguzi anatakiwa kushtuka na kumwita daktari. Zikifika wa pili, uamuzi lazima uwe umefanyika: upasuaji, au rufaa kama thieta haipo. Siku hizi kuna toleo jipya la WHO lisilo na mistari hiyo, lakini ya zamani bado imejaa wodini.

Sasa chukua mtoto aliyezaliwa amechoka, hakulia, akaja kuonekana ana mtindio wa ubongo. Ukipata patogramu ile, hata asiye daktari anaweza kuona. Nukta za moyo zinakwenda vizuri mpaka saa nne usiku, halafu karatasi nyeupe mpaka saa tisa, halafu mtoto kazaliwa saa tisa na nusu. Katika kazi yetu tulifundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Na ukiona nukta zote zimejazwa kwa kalamu ileile, mwandiko mmoja, zimepangana kama shanga, jiulize kama zilijazwa muda ule au baada ya mtoto kutoka. Ndiyo maana nakubaliana naye: ombeni nakala mapema.

Ila niwatetee wenzangu kwa moja. Usiku mmoja muuguzi anakuwa peke yake na wazazi wanne au watano wote wanasukuma. Hawezi kupima mapigo ya kila mmoja kila nusu saa, hana mikono hiyo. Mkiandika malalamiko, ulizeni na hili: usiku ule zamu ilikuwa na watu wangapi, na nani aliipanga hivyo? Msimwache aliyewapanga anywe chai huku mnamtafuta binti wa miaka 24.

MsaidiziWaSheria

Nesi, ubarikiwe, hilo la mwisho ndilo sheria yenyewe inavyolitazama. Mwajiri anawajibika kwa makosa ya mfanyakazi wake aliyoyafanya kazini. Hospitali ni ya taasisi ya dini au ya mtu binafsi? Unamdai mwenye hospitali. Ni ya umma? Unaidai Serikali, na nitaeleza namna. Kumshtaki nesi peke yake ni kujisumbua, kwa sababu hata ukishinda hana cha kukulipa, na aliyepanga zamu ya mtu mmoja anabaki vilevile.

mama wawili

Habari zenu. Mimi ni mhusika. Nilijifungua kwa upasuaji hospitali moja hapa Dar, sitaitaja. Kidonda kikapona juu lakini tumbo halikuacha kuuma, homa za usiku, nikapewa dawa za UTI, za taifodi, kila nikirudi wananiambia ni kawaida kwa aliyepasuliwa. Baadaye nikaenda hospitali nyingine, wakapiga ultrasaundi, wakanifungua tena. Walitoa kitambaa, gozi lile la kufutia damu. Daktari alimwonyesha mume wangu. Sasa nauliza, hii nayo mtaniambia ni hatari ya kawaida ya upasuaji? Na mume wangu anasema nilisaini fomu kabla ya kuingia, kwa hiyo hakuna kesi. Ni kweli?

NesiWaThieta

Pole sana mwanangu. Sio kawaida, na wala usikubali mtu akwambie hivyo.

Gozi na vyombo vinahesabiwa kabla ya kuanza, vinahesabiwa tena kabla ya kufunga, na idadi inasemwa kwa sauti na kuandikwa. Hesabu isipotimia, tumbo halifungwi mpaka kipatikane. WHO ilitoa orodha yake ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, ina vituo vitatu: kabla ya kumlaza mgonjwa usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka thieta. Kuhesabu gozi kumo kwenye hicho cha tatu. Na msidhani ni mambo ya Ulaya. Hospitali nane duniani ndizo zilizotumika kuijaribu, na moja ilikuwa Ifakara, kwetu Morogoro. Matokeo yalitolewa 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi moja tu ya kusoma kwa sauti.

MsaidiziWaSheria

Dada mama wawili, pole, na Mungu ashukuriwe umepata nafuu.

Fomu ya ridhaa: uliridhia upasuaji na hatari zake zinazojulikana. Hukuridhia kusahauliwa gozi tumboni. Hakuna fomu inayompa mtu ruhusa ya kukuzembea, kwa hiyo mwambie shemeji aondoe hofu hiyo.

Kesi ya aina yako ina nguvu kuliko nyingi kwa sababu tukio linajieleza lenyewe. Gozi haliingii tumboni bila mtu kuliacha. Kwenye mazingira ya namna hiyo mahakama inaweza kuanza na dhana kwamba kulikuwa na uzembe, na hospitali ndiyo itakayopaswa kujieleza.

Lakini ushahidi wako mkubwa uko hospitali ya PILI. Daktari aliyekufungua tena lazima aliandika taarifa ya upasuaji, nini alikikuta na wapi. Kapate nakala yake kabla ya kitu kingine chochote. Majibu ya ultrasaundi. Kama walipiga picha ya kile kitambaa au walikipeleka maabara, karatasi hizo pia. Halafu faili la hospitali ya kwanza, hasa karatasi ya kuhesabu gozi. Wakikosa kuitoa, hilo nalo linasema kitu.

Weka risiti zote, za hospitali, dawa, hata bajaji. Fidia ina sehemu mbili. Hasara halisi, yaani fedha ulizotoa na kipato ulichokosa, inatakiwa kuthibitishwa shilingi kwa shilingi. Fidia ya maumivu na mateso anaikadiria jaji. Watu wanaomba mamilioni mia, wanakosa hata laki tano ya dawa kwa sababu hawakutunza risiti.

Sasa muda. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda (Sura ya 89), shauri la madhara ya namna hii lifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Usije ukahesabu kuanzia siku ulipolikuta gozi. Hesabu kuanzia siku ya upasuaji wa kwanza ili usiingie kwenye mabishano. Ukipitwa, sheria inaruhusu kumwomba Waziri mwenye dhamana ya sheria akuongezee muda usiozidi nusu ya ule wa awali, ila huo ni mlango mwembamba, usiuwekee matumaini.

Mzaramo Halisi

Mimi natofautiana na nyinyi. Mahakama ni za wenye nazo. Faili, barua, muhuri, miaka mitatu, huku mama wa watu anaumwa. Nguvu ya mnyonge ni vyombo vya habari. Lile la MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, mwaka 2007 tulilijua kwa sababu magazeti yalilipua, hakuna barua ya Mganga Mfawidhi iliyolitoa.

MsaidiziWaSheria

Mkuu, hoja yako ina uzito na sitaipuuza. Kwa wasiokumbuka: Novemba 2007, pale MOI Muhimbili, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walichanganywa. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Mmoja alifariki. Nchi nzima ilishtuka, tume ikaundwa, madaktari wakasimamishwa. Ni kweli, kelele ziliisukuma Serikali.

Lakini magazeti hayasimamishi ukomo wa muda. Kelele zikitulia, kama hukufungua shauri, hujafungua. Na kuna hatari nyingine: ukimweka nesi kwa jina na picha mtandaoni ukasema ni muuaji, kabla jambo halijathibitishwa, wewe ndiye utakayeitwa kujibu kwa kashfa. Nimewaona waliofika kwetu kama wadai wakaishia kutafuta wakili wa kuwatetea wao. Nenda kwa mwandishi ukitaka, ila nenda ukiwa na nakala ya faili mkononi na notisi ya kudai (nitaieleza chini) umeshaipeleka.

Juma wa Likoni

Nachangia kutoka Mombasa. Kisa kama hicho cha MOI kilitupata 2018 hospitali kuu ya Kenyatta, Nairobi. Lebo za wagonjwa wawili zilibadilishana. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo, mwingine uvimbe tu ambao haukuhitaji kisu. Aliyefunguliwa kichwa akawa ni huyu wa uvimbe, na madaktari waligundua wakiwa ndani kwamba hiyo damu haipo. Yaani miaka kumi na zaidi baada ya yenu, kosa ni lilelile la kutomtambua mgonjwa.

Kwa wenzangu wa Kenya: malalamiko ya daktari au hospitali yanakwenda KMPDC, baraza letu la madaktari. Kesi ya fidia ni miaka mitatu kwa hospitali binafsi, lakini ukiishtaki Serikali kwa madhara kama haya sheria imeweka miezi 12 pekee. Wengi wanateleza hapo.

Tena kuna njia ya Katiba. Kifungu cha 43 kinatupa haki ya afya, pamoja na afya ya uzazi. Kuna mama aliyejifungulia sakafuni hospitali ya Bungoma mwaka 2013, akapigwa makofi na kutukanwa na wauguzi, na mtu akarekodi kwa simu. Hakwenda kwa njia ya uzembe wa kitabibu. Alidai kuvunjiwa haki na utu wake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikampa shilingi za Kenya milioni 2.5. Ile kesi ilinifunza kwamba kudhalilishwa wodini nako kunashtakika, hata kama mtoto katoka salama.

Kipepeo wa Mbagala

Duh, hiyo ya Bungoma sikuijua. Bara tuna kitu kama hicho?

MsaidiziWaSheria

Katiba yetu haikuandika haki ya afya waziwazi kama ya Kenya, ila ina haki ya kuishi na haki ya kutodhalilishwa utu, ibara ya 14 na ya 13. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inapokea malalamiko dhidi ya watumishi wa umma bila gharama ya wakili.

Sasa njia zenyewe, kama nilivyoahidi. Watu wanazichanganya, wanadhani wakilalamika mahali pamoja wamemaliza.

Ukitaka mtaalamu awajibishwe kitaaluma, peleka malalamiko kwenye baraza lake. Daktari, daktari wa meno, tabibu na wataalamu wa afya shirikishi wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa Sheria Na. 11 ya 2017. Nesi na mkunga wana Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wa dawa wana Baraza la Famasi, wa maabara wana lao. Baraza linaweza kumwonya, kumsimamisha, hata kumfuta kwenye orodha. Fidia halikupi. Ila uamuzi wake ukitoka upande wako, unakusaidia mno mbele ya safari, kwa sababu kikwazo kikubwa mahakamani ni kumpata daktari wa kuja kutoa ushahidi wa kitaalamu dhidi ya daktari mwenzake. Hapa kwetu wote wanafahamiana, wamesoma chuo kimoja. Mimi binafsi naona hiki ndicho kizuizi kinachowaumiza wagonjwa kuliko ada za mahakama.

Ukitaka fidia, ni shauri la madai. Hospitali ya umma, kuanzia zahanati ya kijiji iliyo chini ya halmashauri mpaka hospitali ya taifa, kwanza unatoa notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Halafu unafungua, na Mwanasheria Mkuu anaunganishwa kwenye shauri. Mabadiliko ya sheria ya 2020 yameziingiza na halmashauri humo. Ukisahau notisi au kumuunganisha, shauri linatupwa bila hata kusikilizwa, na muda unaendelea kuyoyoma. Kwa hiyo siku hizo 90 zisikukute umebakiza mwezi.

Hospitali binafsi haina notisi hiyo, unaanza na barua ya madai. Hospitali ya kanisa iliyoteuliwa kuwa ya wilaya, ina mkataba na Serikali, muulize wakili kabla ya kuamua nani wa kumshtaki.

Ya tatu ni jinai. Kanuni ya Adhabu ina kosa la kumtibu mtu kwa uzembe kiasi cha kuhatarisha maisha yake. Unaripoti polisi. Kiwango cha kuthibitisha ni kikubwa zaidi, pasipo shaka yenye mashiko, na mshtaki ni Jamhuri. Haikuzuii kudai fidia pembeni.

Na wasio na uwezo: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo, wasaidizi wa kisheria wako mpaka ngazi ya kata sehemu nyingi. Mashirika ya msaada wa kisheria kama LHRC, WLAC na TAWLA wanapokea watu. Sheria ya Mwenendo wa Madai nayo ina utaratibu wa kuomba kufungua shauri bila kulipa ada.

TabibuKijijini

Ni daktari, niko hospitali ya wilaya. Nimesoma uzi wote, sina pingamizi na sheria iliyoelezwa. Naomba niseme mawili.

La kwanza, kabla ya barua yoyote, ombeni kikao. Mganga Mfawidhi, daktari aliyemhudumia, muuguzi kiongozi wa wodi, na afisa ustawi wa jamii awepo. Familia nyingi zinazokuja kwetu na hasira zinachotaka ni mtu mmoja akae awaeleze kwa lugha yao nini kilitokea. Sisi ndio tunaoshindwa. Tunajificha ofisini, tunamtuma nesi akatoe habari ya kifo koridoni. Hapo ndipo tunapowageuza wafiwa kuwa wadai, na wana haki ya kukasirika.

La pili, kifo cha mzazi au cha kichanga kinatakiwa kufanyiwa mapitio hospitalini. Mapitio yale yamekusudiwa kujifunza, yanafanywa kwa siri na hayatafuti wa kuadhibiwa, kwa hiyo msiyategemee kama ushahidi. Lakini mna haki ya kuuliza kama yamefanyika, na kueleza upande wenu: mlifika saa ngapi, mlisubiri gari la wagonjwa muda gani, mliombwa kununua nini. Mara nyingi sisi hatujui hayo.

bint Rufiji

Dokta na mleta mada, swali langu ni la kifo. Sisi ni Waislamu, maiti tunaizika haraka. Shangazi alifariki baada ya kuchomwa sindano, dakika chache tu. Wazee walikataa uchunguzi, tukazika siku ileile. Bado kuna kitu?

MsaidiziWaSheria

Innaa lillahi. Pole sana bint.

Kipo, ila kimepungua. Sindano ilikuwa ya nini, kiasi gani, alipimwa mzio, nani aliichoma: hayo yatatoka kwenye faili na karatasi ya dawa. Sababu ya kifo iliyoandikwa kwenye kibali cha mazishi nayo muhimu. Kufukua kaburi kunahitaji amri ya mamlaka, na familia nyingi hazipendi. Hakuna wa kuwalaumu kwa hilo. Kumbuka pia dawa inaweza kumletea mtu mzio mkali bila mtu kukosea. Swali litakuwa kama alionekana anabadilika, nani alikuwa karibu, na dawa ya kumwokoa ilikuwapo.

Kwa wengine wanaosoma: kifo cha ghafla kisichoeleweka, mnaweza kutoa taarifa polisi kabla ya mazishi na kuomba uchunguzi wa maiti. Mwelezeni shehe au imamu wenu, mkamilishe siku ileile. Ukishazika, ushahidi mkubwa umeingia ardhini. Wategemezi wa marehemu, yaani mume au mke, watoto, wazazi, wana haki ya kudai kwa kupoteza tegemeo lao. Kwa nyinyi, watoto wa shangazi ndio waje.

baba Salma

Salma wangu ana miaka sita. Alikwama kwenye njia siku ya kuzaliwa, ana mtindio wa ubongo, hakai wala haongei. Kumbe kuna miaka mitatu, basi mimi imenipita. Pia mwaka ule hospitali walinipa laki nane, nikasaini karatasi.

MsaidiziWaSheria

Baba Salma, usikate tamaa hapo. Muda wa mtoto hauhesabiwi kama wa mtu mzima: ukomo wake haumpiti akiwa bado mdogo kisheria. Wewe unaweza kumfungulia kwa niaba yake kama rafiki wa karibu, ndivyo sheria inavyomwita anayemsimamia mtoto. Lakini msingoje. Mafaili yanapotea, na hospitali huyateketeza ya zamani. Madai yako wewe mzazi, ya gharama ulizotoa, hayo ndiyo yenye hatari ya kupitwa.

Ile karatasi ya laki nane, ilete wakili aione maneno yake. Kuna tofauti kati ya rambirambi na kusaini kwamba umemaliza madai yote. Tena haki ya mtoto haiuzwi kirahisi kwa saini ya mzazi aliyekuwa wodini, bila wakili, bila kuelewa.

Omba patogramu, Nesi kaielezea hapo juu. Omba na alama za mtoto za dakika ya kwanza na ya tano (Apgar), zinazoonyesha hali aliyozaliwa nayo. Na kadi yake ya kliniki.

NesiWaThieta

Baba Salma, na kitabu cha leba. Kila uzazi unaandikwa kwenye rejista kubwa: saa, uzito, alama, aliyemzalisha. Faili likipotea, rejista mara nyingi ipo. Itaje kwenye barua yako.

mama wawili

Asanteni. Mleta mada, naomba mfano wa barua. Sijui kuandika Kiswahili cha ofisi.

MsaidiziWaSheria

Andika hivi, ujaze pako:

*Mganga Mfawidhi, Hospitali ya ........*
*YAH: MAOMBI YA NAKALA YA KUMBUKUMBU ZA MATIBABU*
*Mimi ........, mwenye namba ya faili ........, nilitibiwa hospitalini kwako kuanzia tarehe ........ hadi ......... Kwa mujibu wa haki yangu ya kupata taarifa zinazonihusu, naomba nakala ya kumbukumbu zangu zote, pamoja na taarifa ya upasuaji, karatasi ya kuhesabu vifaa na gozi, karatasi ya usingizi, karatasi ya dawa, majibu ya vipimo, fomu ya ridhaa na maelezo ya wauguzi. Naomba pia kumbukumbu hizo zitunzwe, zisiharibiwe wala kubadilishwa. Nipo tayari kulipia gharama za kunakili. Naomba nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30.*

Jina, saini, simu, tarehe. Usitukane, usitishie, usitaje kesi. Chapa mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo.

bint Rufiji

Kwa marehemu nani anasaini?

MsaidiziWaSheria

Msimamizi wa mirathi. Watoto wakae kikao cha ukoo, wapate muhtasari, waende Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi. Wakati huo unashughulikiwa, mtoto mkubwa aandike barua ya kuomba kumbukumbu zitunzwe, aambatishe kibali cha mazishi na barua ya serikali ya mtaa. Hiyo haihitaji kungoja usimamizi, ipelekeni wiki hii.